Kadi ya Kipa Iliyonyimwa Alama

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Kadi zimerudi! Beryl, mwenzangu wa mapokezi hotelini, ndiye aliyeniletea. Binamu yake alizipeleka Amerika kupimwa ubora na kupewa alama, moja hadi kumi. Kadi nne za wachezaji mpira, kila moja ndani ya kasha gumu la plastiki. Nilitarajia kumi. Tisa kwa uchache.

Sita. Tano. Sita tena. Na ile ya kipa — tuliyoitegemea — haina alama kabisa. Wameandika kwenye kasha kwamba ni ya kweli, ila ukingo wake umekatwa, na iliyokatwa haina bei.

Umekatwa na nani?

Jumanne, 9 Septemba

Nimekwenda Munje kwa kaka Swafwan. Shikamoo, marahaba, nikamwekea kadi mkekani. Amemtazama kipa, kisha akacheka — kicheko kibaya. Ni yeye! Zamani, mama alipokuwa mpishi wa nyumba ya wageni Diani, wazungu walituachia kadi hizi. Pembe za kipa zikachakaa. Naye, mtoto wa miaka kumi, akazinyoosha kwa wembe.

"Nilitaka ipendeze, Bushra."

Sikuweza kumkasirikia; nikamwachia kipa wake. Boti yake ya watalii imelala mchangani tangu Ramadhani, injini imekufa. Tulitaka kipa aifufue.

Alhamisi, 11 Septemba

Beryl anasema zile tatu tuziuze na makasha yake, wako wanaonunua tano na sita bila kinyongo. Sawa. Na kipa? Eti tumtundike ukutani, atapendeza. Ukuta hauendeshi boti.

Ijumaa, 12 Septemba

Baada ya swala kaka amenipigia. Amepata mteja wa kipa, bwana mmoja wa Mombasa aitwaye Mangi. Anakuja Jumapili.

Nikauliza, na yale maandishi ya kwenye kasha? Amelivunja kwa koleo! Kadi iko uchi, haisemi kitu.

Nikamwambia huo ni ulaghai. Akasema mtu asipouliza, hatukumdanganya. Nikamwambia, "Mama angalikuwa hai usingalithubutu."

Akakata simu.

Nimesema vibaya. Lakini ni kweli.

Jumapili, 14 Septemba

Niko jikoni kwa kaka, eti ninapika chai. Nimetoa daftari mkobani.

Mangi yuko sebuleni. Mtu mzima, mpole. Naye alikuwa kipa ujanani, vidole viwili vimepinda kwa kudaka. Ameishika kadi kama anayeshika yai. Anasema mechi za kipa huyu alizisikiliza redioni na marehemu babake, wakigombea kiti kilicho karibu na spika. Mara akapangusa macho, akaomba radhi.

Na hakuuliza kitu! Hata kimoja. Ametuamini tu.

Kaka amepata alichokitaka. Mbona basi hasemi bei?

Nimefika mlangoni mara mbili nikaseme mimi. Mara mbili nimerudi. Ni kaka yangu mkubwa, ni nyumba yake, nitamwaibishaje mbele ya mgeni?

Maji yanachemka. Sijatia majani.

Namsikia Swafwan anakohoa.

"Bwana Mangi, tafadhali, usiitie mfukoni kwanza. Kadi hiyo imekatwa. Niliikata mimi."



Kiti cha Mangi kimesogea. Sijui anainuka aondoke au anakaa vizuri asikilize.