Picha Mbovu Yenye Sauti ya Babu

S.L.P. 611,
Kayenta, Arizona.
Jumapili, 21 Novemba 1999.

Mpendwa dada Lorinda,

Habari za huko Duluth? Na kile kifua ulichosema kinakubana usiku, kimeachia? Naomba barua hii ikukute umepona na umeshanunua buti za maana, si vile viatu vya kuendea dansi ulivyoondoka navyo. Sisi huku tuko salama. Mke wangu Louva mzima. Mgongo wangu ni uleule wa mtu aliyeanza kuinua matairi ya malori akiwa na miaka kumi na sita. Mama Mkubwa Delphine ana afya ya kumtosha kugombana na watu watatu kabla kahawa haijachemka. Mjukuu wangu Shandiin ametimiza miezi mitatu, mnene kama boga, anatukodolea macho kama askari wa barabarani.

Babu anakula. Nakuambia mapema kwa sababu najua ndilo unalolitafuta katika barua hii. Anakula, lakini kiti amekigeuza, ameuelekea ukuta. Tangu kiharusi cha Machi hajatamka neno likaeleweka, na ile sauti inayomtoka anaionea haya, basi ameifungia ndani. Mtu aliyekuwa akipiga soga mpaka kahawa za watu zinapoa mikononi! Wakija wageni anajifanya amelala. Hilo ndilo lililokuwa linanikosesha raha, na ndilo lililoniingiza katika balaa la sinema.

Unakumbuka majigambo yake. Kwamba ujanani, wazungu walipokuja kupiga picha zao hapa bondeni, alimtukana mkubwa wao mbele ya Amerika nzima na bado akalipwa. Picha yenyewe hakuwahi kuiona, wala jina lake hakulijua. Nikafikiri, tukiipata akajisikia, pengine kiti kitageuka. Nikakuandikia kukuuliza. Ukajibu kwa uhakika wote, na mstari ukapiga chini yake, kwamba ni ile ya gari-moshi.

Lorinda, si ile ya gari-moshi.

Niliendesha mpaka Farmington, kwenye duka la kukodi kanda, kuifuata, gereji nimeifunga, wateja wananilaani. Picha ya saa mbili na robo, na gari-moshi lenyewe linaonekana dakika tisa. Nilipima. Majambazi wanane wanavamia kituo, wanauawa kumi na mmoja. Aliyeiandika hajui kuhesabu, na aliyemlipa hajui pia. Babu hayumo, hata farasi wake hayumo. Lakini nakuambia itafute uitazame, kwa ajili ya yule mama mjane anayelinda kituo. Akiletewa habari ya mumewe halii, hapigi kelele. Anaendelea kukunja shuka, na kila pembe inalingana na mwenzake. Louva alisema, “Huyo amewahi kufiwa kweli.” Sisi tuliokuja kumtafuta Babu tukajikuta tumenyamaza kwa ajili ya mwanamke wa kizungu.

Ndipo Mjomba Wilbert akajitokeza na utaalamu wake. Eti yeye anajua, ni ile ya mhubiri. Nikairudia njia ileile ya Farmington. Dada, hiyo sikushauri uitazame ukiwa umeshiba. Mhubiri anaimba akiwa juu ya farasi, anaimba akiwa amefungwa kamba, anapigwa risasi ya tumbo na bado anamalizia beti mbili. Ila kuna kundi la kondoo linavuka kilima wakati wa mvua, na mchungaji msichana hana neno hata moja la kusema, na sijawahi kuona sinema iliyowapiga picha kondoo vizuri namna ile. Mvua inakuja kama inavyokuja kwetu, kutoka upande mmoja, imeinama. Mimi nimekaa na kondoo maisha yangu yote na niliirudisha kanda nyuma mara tatu. Babu hayumo humo pia.

Nilirudi kwa Mama Mkubwa nimekasirika, nikatupa ufunguo mezani, nikasema sitafuti tena. Mama Mkubwa alikuwa anakanda unga, hata hakunitazama.

“Si ile waliyochimba mto?” akasema.

“Mto gani?”

“Hapa kuna mto? Walichimba shimo, wakaleta malori ya maji, wakalijaza, wakasema ni mto. Baba ndiye aliyesimama pale mtoni. Mimi nilikuwa na miaka saba, nilikunywa maji yale nikaharisha siku mbili.”

“Na miezi yote hii umekaa kimya?”

“Mliniuliza? Mlikuwa mnamwandikia bibi yule wa Duluth.”

Sina la kuongeza hapo. Nimeandika kama alivyosema, wewe na yeye mtamalizana.

Basi kanda ya mto ikapatikana, safari ya tatu, na Ijumaa jioni tukajazana kwa Mama Mkubwa. Jenereta langu, mafuta yangu, televisheni yangu, na bado Mjomba Wilbert ndiye aliyekaa kiti cha mbele. Babu kwenye kona yake, ukuta usoni.

Picha ni mbovu kuliko zile mbili ukizijumlisha. Wanasema ni Texas na nyuma pale ni mawe yetu, yale yale unayoyajua. Shujaa anasafiri wiki nzima, na katika wiki hiyo anapita mbele ya jiwe moja mara tano, mara mbili akitokea kulia. Bastola ya risasi sita ilifyatua kumi na saba bila kujazwa. Mjomba akasema, “Hiyo bastola inazaa.” Mchangani ilipo kambi ya jeshi mimi niliona alama za tairi, tena magurudumu pacha ya nyuma, lori limebeba mzigo, na hapo watu wote wanapanda farasi. Nilipiga kelele nikaambiwa ninyamaze, hii si gereji. Chifu wetu ni mzungu aliyepakwa rangi ya kahawia mpaka masikioni, nyuma ya masikio wamesahau.

Halafu wakafika mtoni. Kapteni wa jeshi anataka amani. Chifu wa rangi anamwashiria kijana mmoja asogee azungumze kwa lugha yake. Kijana mwembamba, nywele amezifunga, amekaa juu ya farasi bila tandiko. Akanyoosha mkono kama anaapa, akasema kwa Kinavajo chetu safi, taratibu, kwa ile sauti nzito unayoijua:

“Huyu mkubwa wao mwenye kofia nyeupe anayetupigia kelele tangu asubuhi, amekalia mavi ya farasi. Makalio yote yamejaa. Na mimi simwambii ng'o.”

Kapteni akauliza, amesema nini? Mkalimani akavua kofia, akajibu kwa huzuni: “Anasema watu wake watapigana mpaka jua lizimike.”

Mama Mkubwa alianguka juu ya Louva kwa kicheko. Mjomba alikohoa mpaka tukampiga mgongoni. Mimi, sijui, nilikuwa nacheka na macho yananichuruzika, maana ni yeye, Lorinda. Ni yeye kabisa. Hata kule kutua kidogo kabla ya tusi.

Kiti kikatoa mlio. Babu alikuwa anakigeuza kwa ule mguu mzima, kidogo kidogo, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Akaitazama televisheni, kisha akanitazama mimi, akazungusha kidole: rudisha.

Nikarudisha. Safari hii watu walinyamaza, tukasikia sauti peke yake. Ilipofika kwenye “simwambii ng'o,” Shandiin, kwenye mapaja ya Louva, akacheka. Si kutabasamu. Alicheka kwa sauti, mpaka akapata kwikwi.

“Kacheka!” Louva akapiga kelele. “Mtoto kacheka!”

Na hapo hapo ugomvi ukaanza, kwa sababu kwetu aliyemchekesha mtoto mara ya kwanza ndiye mwenye karamu, ndiye anayechinja kondoo, ndiye atakayemshika mkono agawe chumvi, asije akakua mchoyo. Mjomba akasema ni mimi, kwa kuwa mimi nilibonyeza kitufe. Nikamwambia, kitufe hakichekeshi mtu. Akasema, “Tulijua utakwepa, mchumi wetu.” Nikawaka. Mtu niliyelisha jenereta lile! Mama Mkubwa akasema ni sauti, na sauti ina mwenyewe. Mjomba akauliza, sauti ya mwaka arobaini na sita itachinjaje kondoo?

Babu akajipiga kifua kwa mkono mzima. Pu, pu, pu. Na sauti ikamtoka, ile aliyokuwa akiificha, nzito na iliyopindapinda, mbele yetu sote, wala hakuangalia ukuta. Neno halikuwepo, lakini hakuna aliyekosa kuelewa. Kisha akanyoosha kidole dirishani, kwenye zizi langu, kwa yule dume wangu mnene kuliko wote.

Kwa hiyo karamu ni yake na kondoo ni wangu. Jumamosi tarehe 4 Desemba. Tatizo ni kwamba mwenye karamu huwa anasema maneno kwa wageni. Mjomba alishauri tuwawekee kanda, ili kila mgeni aambiwe amekalia mavi. Babu alicheka, nusu ya mdomo tu, lakini alicheka. Halafu akaelekeza kidole kwenye picha yako ukutani. Tulimtajia majina mengine matatu, likiwemo langu. Akatikisa kichwa kwa kila moja, na kidole hakikuondoka.

Najua kwa nini hujaja tangu Machi. Ulisema huwezi kumwona akiwa kimya. Basi si kimya tena, na maneno yake ni wewe unayejua kuyasema. Nauli tafuta mwenyewe, mimi nimeshatoa kondoo.

Msalimie sana mumeo Roald na majirani zenu wa ghorofa ya chini. Louva anakusalimu, na Mama Mkubwa pia, ingawa amesema nisiandike hivyo. Mwenyewe uende kwa uzuri na urudi kwa uzuri, na njia zote za theluji zikupishe.

Ndimi kaka yako, mwenye kukupenda hata ukikosea picha,
Leland