Sahani ya Nadine

Boise City,
Oklahoma.
6 Mei, 1935.

Mpendwa Dada Leota,

Pokea salamu zangu kutoka huku kwenye vumbi. Hujambo? Mgongo wa Shemeji Emmett umepona? Mimi nikisema sijambo nitakuwa nadanganya, na wewe sijawahi kukuweza kwa uongo.

Ngano yote imefukiwa. Nimelowesha mashuka nikayatundika madirishani, na bado tunaamka na mchanga mdomoni. Sahani hukaa mezani zimefudikizwa mpaka chakula kiive. Siku hizi hata mikono hatupeani, maana tufani ikivuma, mtu akimgusa mwenzake wote wawili hupigwa shoti ya umeme wa vumbi.

Nadine wangu anaumwa, dada. Anakohoa hadi anashindwa kulia. Ijumaa daktari aliniita pembeni: "Mama, mtoe mtoto huku. Ikija tufani nyingine kama ile ya mwezi jana, mimi siwezi kukuahidi kitu."

Nilimwambia Orval tufunge virago. Unamjua mume wangu na kichwa chake kigumu. Yeye na wanaume wenzake walitia saini kiapo kwamba hawahami, liwalo na liwe.

"Niwe wa kwanza kukimbia, Verna? Watanionaje?"

"Basi kaoane na hao wenzako!"

Hakucheka. Alitoka kwenda kufukua ua wa ng'ombe, na ng'ombe wenyewe walishakufa. Baadaye nilimsikia akilia zizini. Usimchukie. Namchukia mimi, inatosha.

Sikungoja nikuulize kwanza, dada. Anayekukabidhi barua hii ni Bi. Hulda Kessler, jirani yetu anayehamia huko Oregon, na mtoto aliye naye ndiye Nadine; tangu jana yuko kwake, na kesho alfajiri wanaondoka. Mimi siwezi kuja. Mama mkwe hainuki kitandani, na hana mwingine wa kumgeuza.

Nadine hatakupa mkono, anaogopa shoti. Mezani ataifudikiza sahani yake, pengine na zenu pia. Wanao wasimcheke. Mgeuzie taratibu, mwambie kwa mama mkubwa hakuna mchanga.

Nilimwahidi nitamfuata mvua ikinyesha. Kila asubuhi atakuuliza kama kwetu imenyesha. Sijui umjibu nini.

Wasalimie sana Shemeji Emmett, Wilma na Roy. Mungu awazidishie maji na pumzi.

Leo mchana nilipanga meza kwa watu watatu, kwa mazoea. Sahani yake bado iko pale, imefudikizwa. Sina moyo wa kuiondoa.

Mdogo wako akupendaye,
Verna