Baba Alikuwa Hewani

Singe, Babati
Jumatatu

Kaka Elieza,

Shikamoo. Ipokee haraka kabla sijaghairi. Nakuamkia kwa sababu Baba alitulea hivyo, mdogo humwamkia mkubwa hata kama mkubwa mwenyewe hana haya, na sitaki upate la kusema kwamba Babati imenipotezea adabu. Hali yako sikuulizi. Najua u mzima wa afya, maana Jumamosi nilikusikia ukitafuna mahindi ya kuchoma na kucheka. Endelea kusoma, utajua nilikusikia wapi.

Sisi huku hatujambo. Mtoto ameanza kujigeuza mwenyewe kitandani, Upendo anakwenda shule, na Baba Upendo anahangaika na palizi ya mbaazi. Upepo wa mlima Kwaraa ulikata waya wa antena yangu wiki iliyopita, nikaufunga upya kwenye mti wa mgrivea ulio nyuma ya jiko. Jirani mmoja, mgeni hapa, alidhani ni kamba ya kuanikia, akaja na mashuka yake. Tulicheka naye tukayashusha. Hiyo ndiyo habari njema, na imeishia hapo.

Sasa nitakukumbusha mambo unayoyajua, kwa sababu naona umeamua kuyasahau. Baba yetu aliendesha redio ya mawasiliano ya shamba la chai miaka yote ya utoto wetu. Alipostaafu akafanya mtihani wa redio ya ridhaa, ile ya watu binafsi kuongea wao kwa wao hewani, akapata leseni yake, akanifundisha na mimi. Wewe pia alitaka kukufundisha, ukasema hiyo ni michezo ya watu wasio na simu. Nilipoolewa huku, wewe ulisema nimekata kamba kama mbuzi. Baba alinipa redio yake ya zamani, akaifunga mwenyewe ndani ya blanketi, akaniambia tutakuwa tunaonana Jumamosi saa tisa alasiri. Na tukaonana, Elieza. Kila Jumamosi alikuwa anaita pale kwenye masafa yetu, wale wazee wenzake wa redio wanaitika, na mimi naitika wa mwisho kwa kuwa ndimi mdogo. Mambo ya nyumbani hatuyasemi hewani, ni mwiko, kila mtu anasikia. Tulikuwa tunasema mvua, antena, na nani anasikika vizuri. Lakini mimi kwa sauti yake tu nilikuwa najua kama amekula.

Halafu kiharusi kikamchukua mkono wa kulia na mguu. Maiki ya redio yake unaishika kwa kiganja na kubonyeza kwa kidole, na mkono huo haukuweza tena. Macho nayo yalikuwa yameshaingia ukungu. Baba akapotea hewani. Nikakupigia. Ukaniambiaje? Ukaniambia, "Ruthi, mzee hataki tena habari za redio. Akisikia jina lako anakasirika. Anasema umemtupa." Mimi nikaamini, kwa sababu sikujua mtu anaweza kusema uongo juu ya mzazi mgonjwa kwa sauti ya upole namna ile. Nililia mpaka maziwa yakakauka siku ile, mtoto akalala na njaa. Nikiomba kuongea naye kwa simu yako, Baba amelala. Asubuhi amelala, mchana amelala, jioni amelala. Angekuwa gogo ningekuelewa.

Sikukata tamaa, ndiyo kosa langu machoni pako. Pale kwenye steshenari ninakofanya kazi, Bagara, kulikuwa na hedfoni ya kompyuta, ile ya kuvaa kichwani yenye kijimaiki kinachokuja mdomoni. Nikasema, Baba akivaa hii hatahitaji kushika kitu. Lakini maiki ya kompyuta si maiki ya redio. Ya redio ya Baba ukiongea inatoa umeme wake yenyewe. Hii ya kompyuta ni kama mshenga, haifungui mdomo mpaka ipewe kitu. Niliichomeka hivihivi kwenye redio yangu nikaita, hakuna aliyenisikia. Nikailisha kwa betri ndogo, nikaiwekea rezista ya kupunguza nguvu na kapasita ya kuzuia umeme wa betri usiingie redioni, vyote ndani ya kopo la mafuta ya kujipaka. Nikaita tena. Mmoja wa wale wazee, mwalimu mstaafu wa Singida, akanijibu, "Binti, unasikika, lakini kama uko ndani ya mtungi." Nikabadilisha kapasita. Akasema, "Sasa umetoka mtungini."

Kilichobaki kilikuwa ni kubonyeza. Redio ya namna hii haisemi na kusikiliza kwa wakati mmoja. Ukibonyeza unasema, na ukiwa unasema husikii chochote, hata mvumo. Ukiachia ndipo unasikia. Kwa hiyo nikanunua kitufe cha kengele ya mlangoni, kile kikubwa, ili mkono wa kushoto wa Baba ukipate hata ukitetemeka. Nikakiunga kwa waya mbili, nikakijaribu jioni nzima huku nanyonyesha. Nikakutumia kila kitu kwa basi, tayari kabisa, cha kuchomeka tu. Nikakueleza kwa simu, chomeka hapa, kitufe weka kushoto kwake, basi. Ukasema, "Mimi ni fundi, usinifundishe." Fundi! Mtu aliyetengeneza sabufa moja ya shemeji yake ikatoa moshi.

Sasa tuje Jumamosi. Saa tisa nilikuwa nimekaa, mtoto mgongoni, redio imewashwa. Wazee wameshaitikiana. Mara nikasikia mtu anakohoa. Baba! Nilimjua kwa kikohozi. Halafu nikakusikia wewe.

"Hii taa nyekundu inawaka, Baba. Umeme upo. Ongea."

Taa nyekundu, Elieza. Hiyo taa nyekundu inawaka redio inaporusha sauti. Ilikuwa inawaka muda wote kwa sababu ulikuwa umekata kile kitufe, na nilijua hivyo kutoka mdomoni mwako, wifi alipokuuliza kiko wapi.

"Nimekifunga getini kwetu," ukasema. "Zile waya zake nimezisokota pamoja zisining'inie ovyo. Nani anabonyeza kengele ndipo aongee?"

Waya hizo zikigusana ni sawa na kitufe kubonyezwa, basi tangu ulipowasha, redio ikawa inasema bila kuachia. Sebule nzima ikawa hewani. Kila mwenye redio kutoka hapa mpaka Singida alikuwa amekaa kwenye makochi yenu, na ninyi hamkusikia hata mtu mmoja.

Baba alijua kuna kasoro. Alisema, "Elieza, hata mvumo hausikiki. Redio hainyamazi hivi." Ukamjibu hewa ni mbaya leo. Mtu aliyekaa na redio tangu hujazaliwa, unamfundisha wewe hewa! Angekuwa na macho yake angeiona ile taa, angekuchapa kofi la mkono wa kushoto.

Akaita. Aliita kwa utaratibu ule ule wa zamani, alama yake ya redioni, halafu yangu, kisha akanisubiri. Nikaitika. Nilipiga kelele kwenye maiki mpaka mtoto akaamka, "Baba nakusikia! Baba nakupata vizuri sana!" Lakini masikio yake yalikuwa yamefungwa na zile waya ulizosokota. Akangoja. Akaita tena. Akangoja.

"Amejibu?" akakuuliza, kama vile wewe ndiye uliyevaa hedfoni.

"Ruthi hana nafasi, Baba. Anatuma vitu ili aonekane anajali. Kuwasha redio yake ndiyo hawezi. Nilikwambia."

Nilikwambia! Kumbe ni wimbo wa siku nyingi. Kwangu Baba amenikasirikia, kwa Baba mimi sina nafasi, na wewe katikati umeshika ncha zote mbili.

Wifi, Mungu ambariki, akasema, "Baba Daudi, mwambie mzee ukweli. Anaumia." Ukashusha sauti, lakini kile kijimaiki hakijui kunong'onezwa. Ukasema, "Nikimwambia ukweli atataka kwenda Babati. Watu waseme nini? Mzazi alelewe kwa mkwe na mtoto wa kiume nipo?" Halafu ukatafuna hindi lako.

Nikachukua simu nikakupigia. Na hapa, Elieza, ndipo uliponimaliza. Nilisikia simu yako ikiita kwenye redio yangu. Iliita mkononi mwangu na ikaita pale sebuleni kwenu. Nikakusikia ukisema kwa wifi, "Ndiye huyo, acha iite." Baba akauliza ni nani. Ukamwambia, "Namba siijui."

Namba huijui. Mdogo wako wa tumbo moja.

Sikupiga tena. Nilikaa chini kwenye sakafu, kwa sababu Baba alikuwa ameanza kuongea, na safari hii hakuita alama wala nini. Alivunja mwiko wake mwenyewe. Alisema, "Ruthi, mwanangu, kama unasikia. Hiki kitu ulichonitengenezea kimenikaa vizuri kichwani. Sijui nilikukosea nini. Kama ni lile la kutokuja kumwona mtoto, ni mguu, mama, si moyo. Niambie kosa langu, nitakuomba radhi hapahapa mbele ya wenzangu." Akangoja. Nilikuwa namsikia anavyopumua.

Baba yangu aliniomba radhi hewani kwa kosa ambalo halipo, na mimi nilikuwa namjibu na hanisikii. Nakuchukia kwa hilo. Nimetafuta neno lingine tangu Jumamosi, kanisani nimelitafuta, sijalipata. Nakuchukia.

Mwisho ukasema, "Haifanyi kazi takataka hii," ukazima. Baada ya hapo ulikuwepo mvumo tu. Wale wazee wote walisikia, na wote wana watoto. Halafu yule mwalimu wa Singida akasema taratibu, "Binti wa Babati, leo hewa ilikuwa mbaya. Sisi hatujasikia kitu." Wenzake wakaitikia mmoja mmoja, hatujasikia kitu. Hiyo ndiyo heshima, kama ulikuwa hujawahi kuiona ilivyo. Watu baki walimsitiri Baba, na mwanawe wa kiume alikuwa anatafuna mahindi.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yako ilikuwa na urefu wa waya mbili.

Sasa sikiliza. Sikupigii simu kwa sababu utanikatiza, au utakuwa huijui namba. Nimeandika, na aliyekukabidhi bahasha hii ni mume wangu. Mimi siwezi kusafiri, mtoto bado mchanga. Najua Baba Upendo amekaa hapo karibu na mlango, kofia magotini, na hajasema zaidi ya salamu. Ndivyo alivyo, lakini usidhani ni mpole. Amekuja kumchukua Baba. Nimeuliza kliniki anakohudhuria, wamesema anaweza kusafiri akipewa kiti cha mbele na akinyooshewa mguu njiani. Chumba kiko tayari, dirisha lake linaelekea kwenye antena. Redio yake ije pamoja naye, na hedfoni, na kopo lile la mafuta. Kitufe baki nacho. Watu wakikuuliza mzee yuko wapi, waambie Ruthi amemwiba, nitakubali hata mbele ya mchungaji.

Usijaribu kumwonea mume wangu ukubwa wa shemeji. Chai akipewa na wifi atakunywa. Ukimpa wewe atakataa, nimemwagiza.

Nisalimie wifi Mama Daudi. Mwambie alichokisema nilikisikia, na nyumba yangu ni yake siku atakayochoka na wewe. Daudi mwambie shangazi anampenda, na asijifunze ufundi kwako. Mama mdogo wa kule bondeni mpe shikamoo yangu, mwambie nitamwandikia barua yake mwenyewe yenye maneno mazuri. Mzee wa kanisa aliyekuja kumwombea Baba naye msalimie, na umweleze yote haya, kama utaweza kumtazama.

Limebaki jambo moja, na ndilo nililomtuma mume wangu hasa. Kabla hujamvalisha Baba koti, piga magoti pale kwenye kiti chake, karibu na sikio lake, umwambie kwa mdomo wako mwenyewe: "Ruthi alikusikia, Baba. Alikuwa anakujibu." Baba Upendo amekatazwa kumwambia lolote. Neno hilo ulilizuia wewe, na utalitoa wewe. Na hataondoka hapo mlangoni mpaka alisikie.

Mdogo wako ambaye namba yake huijui,

Ruthi, Mama Upendo