Mizigo ya Kurudi

Jumatatu, 5 Mei

Ukungu umeshuka tena kutoka msituni. Saa nne asubuhi na bado siuoni mpaka wa shamba letu wenyewe. Nimechuma chai na Mama hadi vidole vikafa ganzi, kisha nikaenda kwenye kituo cha kununulia majani kufungua mizani. Kijiji chote cha Kimulot kinanuka majani mabichi na moshi wa kuni.

Kazi yangu ni kupima. Gunia linaning'inia, nakata uzito wa gunia lenyewe, naingiza kilo kwenye mashine, mwenye chai anapata ujumbe kwa simu. Halafu akina mama wananirudia na hizo simu. Wengine macho hayaoni maandishi madogo, wengine hawakusoma. Chepkemoi, nisomee. Nawasomea wote. Naipenda hiyo saa. Lori la kiwanda bado liko mbali, hakuna anayeharakisha, simu zinapita mikononi mwangu zikiwa bado na joto la vifua vyao.

Leo Ochieng', kijana wa kusambaza mizigo, amepanda na pikipiki yake kutoka mjini Kapkatet. Ameleta mzigo wenye jina la Kogo Taprandich, yule ajuza ambaye ni bibi wa watu wote huku. Nimeutia sahihi. Ni wangu.

Alhamisi, 8 Mei

Taa. Ya mviringo, mfano wa mwezi, na madoa yake yote. Nimeiweka juu ya kabati la vyombo. Mama aliingia na ndoo ya maziwa akasimama. Hakuuliza bei. Alikaa kwenye kiti akaitazama, ndoo ikiwa bado mkononi, na chai ya saa kumi ikachelewa.

Itaondoka wiki ijayo. Sikumwambia.

Niandike jinsi mambo yanavyokwenda, nijisikie nikisema. Duka la kwenye simu linamrudishia mteja mpya sehemu ya bei akishapokea mzigo wake wa kwanza. Cashback. Mimi naiita ile ya kurudi. Mteja akiurudisha mzigo mapema, bei yote inarudi pia, lakini ile sehemu ya kwanza hawaidai. Wamesahau kufunga huo mlango. Basi mimi naagiza kwa pesa yangu na namba zao, napokea, narudisha, halafu ile ya kurudi naihamishia kwangu na kuagiza kitu kingine. Naingia na kutoka kwa majina ya kituo kizima.

Si kwamba sikuwaambia. Niliwaambia nawaandikisha mahali penye zawadi. Wakasema andikisha. Kila mmoja nilimpa pakiti ya sukari. Kogo akataka jina la aliyetoa sukari ili amuombee.

Jumapili, 11 Mei

Gauni la samawati, mikono mirefu. Lebo nimeikunja kwapani, ikanikwaruza ibada nzima. Nje ukungu ulikaa kwenye madirisha ya kanisa, tukawa kama tumefunikwa na blanketi moja kubwa. Nyimbo zilitoka polepole. Nilisinzia nikiwa macho. Nilikuwa mtu mwingine, mwenye nguo kama hizi nyingi.

Kogo alikaa mbele, mahali pake, ufunguo wa sanduku la sadaka ukining'inia shingoni kwa uzi. Ameushika tangu mimi sijazaliwa. Wachungaji wamekuja na kwenda, ufunguo haujatoka pale. Baada ya ibada aligusa mkono wa gauni langu, akausugua kati ya vidole jinsi anavyopima jani kama limekomaa. Akasema nimependeza.

Nilifurahi sana. Niandike hivyo hivyo, maana ni kweli.

Jumatano, 14 Mei

Taa imerudi. Gauni limerudi. Juu ya kabati pamebaki duara safi katikati ya vumbi. Mama amelifuta.

Ochieng', ambaye huniita Siz, yaani dada, alipakia masanduku akiwa amekunja uso. "Siz, hii mizigo ya kurudi hawanilipi. Mafuta ni yangu." Nikamnunulia chai na mandazi mawili. Nikaona tumemalizana.

Nani ameumia? Duka halina uso. Halina shamba, halina ng'ombe, haliogopi mvua ya mawe. Linatupa pesa hewani na mimi nimenyoosha kikapu. Nimejisomea hoja hii asubuhi yote nikichuma. Inakaa vizuri nikiwa ndani ya majani peke yangu. Nikifika kwa mizani inalegea kidogo.

Ijumaa, 16 Mei

Nimeota masanduku yanashuka mlimani yenyewe, bila pikipiki, kimya, yakiteleza juu ya chai. Nikifungua moja, ndani kuna jingine. Haikuwa ndoto mbaya. Niliamka nikiwa na hamu ya kuagiza.

Nimeagiza. Pazia jeupe, jepesi, kwa namba ya Kogo. Yake ilishapita kama mteja mpya lakini wamefungua ofa nyingine.

Jumanne, 20 Mei

Leo simu zote zililia pamoja.

Lori lilikuwa limechelewa. Akina mama wamekaa kwenye magunia chini ya banda, mvua nyembamba juu ya mabati, mmoja amelala kabisa. Ndipo ikaanza. Kifua kimoja, kingine, kingine, banda zima likaita. Wakacheka. Walidhani ni bonasi ya chai. Wakanijia wote kwa pamoja, mikono imenyooshwa, na mimi nikazishika simu kwa mafungu jinsi ninavyozoea.

Kila simu ilisema kitu kimoja, kwa Kiingereza. Kwamba akaunti yako imefungwa kwa sababu ya udanganyifu. Kwamba jina lako limewekwa kwenye orodha. Anwani zote zilikuwa moja, kituo hiki hiki. Huku nani ana anwani nyingine? Mashine imeona watu wengi wanaoishi chini ya banda moja, ikaamua ni wezi.

Wakauliza inasema nini.

Nikasema ni matangazo tu.

Niliirudisha kila simu kwa mwenyewe. Kogo alisema asante akaitia yake kifuani.

Jumatano, 21 Mei

Sijaenda kuchuma. Nimemwambia Mama ni kichwa. Akaunti yangu pia imefungwa, na kila kilichokuwemo. Sikulia. Pesa yenyewe sikuwahi kuiona, ilikuwa namba tu.

Pazia liko hapa bado. Hawalitaki tena wala sina wa kumrudishia. Sijalitundika.

Ijumaa, 23 Mei

Ochieng' amemsomea.

Hana kosa. Alikuwa anapita na mzigo wa mtu, Kogo akamsimamisha barabarani, akamwomba amfutie yale matangazo, simu imejaa. Ochieng' akasoma kabla ya kufuta. Alikuja kuniambia mwenyewe, kofia ya pikipiki mkononi. "Nilimwambia tu vile imeandikwa, juu ya wizi. Alikaa chini, Siz. Kwa tope. Nilidhani ameanguka."

Niliendelea kupima. Nilipima vibaya magunia mawili, nikarudia. 

Jumapili, 25 Mei

Kogo amerudisha ufunguo.

Hakungoja mwisho wa ibada. Alisimama wakati wa matangazo ya kanisa, akautoa shingoni, uzi ukanasa kwenye kitambaa, Mama Faith, mmoja wa akina mama wa kituoni, akamsaidia kuunasua. Akamwekea mchungaji mkononi. Akasema yeye ameandikwa mwizi na hawezi kushika mali ya Mungu mpaka ajue ameiba nini.

Mchungaji hakuelewa. Hakuna aliyeelewa. Nilikuwa kiti cha nne kutoka mlangoni na nilielewa kila kitu.  Kogo akarudi kukaa, lakini si mbele. Alikaa nyuma na wageni, akaimba kama kawaida.

Jumanne, 27 Mei

Ukungu hadi adhuhuri. Watu wanatokea kwenye chai kuanzia kiunoni tu, wakiwa na vikapu, kisha wanapotea.

Kogo amepata alichoiba. Ametafuta katika maisha yake yote akakipata. Mwaka ule wa ukame, mzee Arap Koros alipokuwa amelazwa hospitali ya Kapkatet, Kogo alichuma mstari mmoja wa chai ya Koros, ule unaopakana na wake. Alikuwa na watoto wa kulipia karo. Hakumwambia mtu. Leo asubuhi amechukua kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandisha, amevuka mpaka, amemwambia Koros yote.

Koros alikunywa mursik. Kisha akaja kituoni akamsimulia kila mtu, akijipiga gotini kwa kicheko. Anasema siku zote alijua ule mstari ulikuwa unatoa kidogo.

Mama alimuuliza Kogo ni nani aliyemlazimisha, baada ya miaka yote hiyo. Kogo akamjibu mbele yangu. "Mungu hakosi njia. Saa hii anatumia simu."



Jumatano, 28 Mei

Nimeliandikia duka. Nimesema ni mimi, mmoja, namba zote ni mimi, wamfute Kogo kwenye orodha yao. Jibu lilikuja kabla sijaweka simu chini. Wanashukuru kwa kuwasiliana nao. Uamuzi ni wa mwisho. Niwape nyota ngapi kwa huduma hii?

Nimempigia pia mkubwa wa Ochieng', maana wanamuuliza kwa nini njia yake ina marudio mengi hivyo. Yule alikuwa binadamu. Alinitukana vizuri.

Alhamisi, 29 Mei

Nimekwenda kwa Kogo.

Alikuwa jikoni anasugua kibuyu kwa kijiti cha moto. Harufu ile ya mkaa na maziwa. Nilikaa kwenye kigoda nikasema. Duka, namba, mizigo, sukari, gauni alilolisifu. Nilidhani nitasema kwa muda mrefu, lakini kumbe ni jambo dogo, linaisha upesi. Yeye alisugua tu. Moshi ulipanda ukakaa kwenye nyasi za paa. Kwa kitambo nilitamani tubaki hivyo, yeye anasugua, mimi nimeshasema, na hakuna kinachofuata.

Hakuuliza habari ya pesa. Hakuuliza nilipata nini. Aliuliza moja.

"Siku ile simu zililia. Ulikuwa umeisoma ukaielewa?"

Nikasema ndiyo.

"Ungenisomea tu vile iliandikwa."

Kisha akaniambia niende, ana ng'ombe wa kukamua.

Afadhali angenipiga. Nimeshuka kilima nikilia kwa sauti na mtu wa jirani akaniamkia na nikamwitikia huku nalia.

Jumamosi, 31 Mei

Nimewaambia wote, chini ya banda, kabla ya lori. Nilisimama karibu na mizani kwa sababu sijui mahali pengine pa kusimama. Niliwaeleza kuwa Kogo hakuiba kitu dukani, wala wao, ni mimi. Mmoja alicheka kwanza, akadhani ni mzaha.  Mama yangu alikuwa hapo, akaangalia mikono yake.

Mama Faith ndiye aliyesema. "Kama unaweza kutudanganya na simu zetu, hizi kilo je?"

Kilo zangu ni za kweli. Tangu siku ya kwanza ni za kweli. Nilifungua mdomo niseme hivyo nikaona hakuna wa kuamini, na mimi ningekuwa wao nisingeamini. Tukarudia kupima magunia yote, kila mwenye gunia akisimama uso karibu na mizani. Lori lilifika tukiwa katikati. Dereva alipiga honi. Hakuna aliyegeuka.

Jumapili, 1 Juni

Mchungaji alitangaza kwamba Kogo ni msafi. Akamwita aje achukue ufunguo. Kogo akasema kutoka kiti cha nyuma kwamba ule mstari wa Koros aliuchuma kweli, simu au hakuna simu, na ufunguo ukae kwa mwingine.

Hilo sitaweza kulirudisha. Nimelielewa leo, nimekaa kanisani na gauni langu la zamani. Lingebaki kati yake na Mungu mpaka afe. Mimi ndiye niliyelifukua.

Jumatano, 4 Juni

Mvua ya asubuhi, kisha jua jepesi. Chai yote inang'aa mpaka msituni. Wenye kiwanda hawajaniondoa. Sijui kama wataniondoa.

Nimepima. Ujumbe wa kilo umeingia, kifua kimoja baada ya kingine. Hawakuja. Kila mmoja alishika simu yake mbali na uso, akifinya macho, akihesabu herufi kwa midomo. Nilijishughulisha na kamba za magunia.

Kogo akaja. Hakunipa simu. Aliishika mwenyewe kwa mikono miwili, akanigeuzia kioo.

"Soma. Yote."

Nikasoma yote. Jina, namba yake ya chai, kilo, tarehe, saa. Hata ile mistari ya mwisho ambayo huwa naruka, kwamba usimpe mtu namba yako ya siri, kwamba asante kwa kazi. Aliitikia kila mstari kwa kichwa. Kisha akavuka banda polepole hadi kwa Mama Faith, ambaye husoma kwa taabu, akamgeuzia kioo kile kile.

Mama Faith akaweka kidole akaanza. Neno moja moja. Nilisimama, mkono juu ya gunia, nikisikiliza. Nilijua nimesoma sawa. Bado nilikuwa naomba maneno yetu yafanane.