Shemeji Amenimegea Kompyuta

Mpendwa mshauri Mama Roseline, naomba msaada wako kwa sababu harusi yangu iko karibu kuvunjika na mimi ndiye niliyeibiwa. Mimi ni mfanyabiashara wa mahindi, nanunua kwa wakulima kule Kuria nauza hapa sokoni Migori, na mchumba wangu Dorah amesomea kupiga chapa, kwa hivyo nilimnunulia kompyuta ili tukishaoana afungue ofisi yake pale Awendo, na kaka yake Makori anayeishi Nairobi ndiye aliyeileta, na boksi limeandikwa wazi kwamba diski yake, yaani ghala la ndani linaloweka kazi zote, ni gigabaiti 4.3, lakini tulipoiwasha kioo kikasema 4.0, sasa nakuuliza, hiyo iliyopungua ilishukia wapi njiani? Mimi mtu wa gorogoro, mkebe wa kupimia mahindi, sidanganywi kipimo, maana hata mimi nina mkebe wa kununulia na ule mdogo wa kuuzia, mambo ya kawaida ya biashara, kwa hivyo nikajua mara moja Makori amemega kipande akauza. Sabato iliyofuata nikasimama kanisani mbele ya wazee nikamtaja kwa jina, naye akachukua kofia yake akatoka macho yamejaa machozi, ndipo mama yao akaniambia, "We Onsongo, umeita mtoto yangu mwizi mbele ya watu ya Mungu, basi enda uoe hiyo kompyuta." Dorah amenirudishia ufunguo wa chumba nilichomkodia na hataki kuniona. Nampenda na silali, lakini haki yangu pia naitaka. Je, niende polisi, au nimngoje Makori arudishe? Tafadhali ficha jina langu.

Niliyeibiwa, Migori

Onsongo, umeniomba nifiche jina lako na mwenyewe umeliandika katikati ya barua, basi tuendelee nalo.

Kwa usingizi unaokosa nakuhurumia. Kwa hilo la kanisani, hata kidogo. Diski haimegwi kama mkate, na mtu angekata kipande chake, kompyuta isingewaka kukuambia lolote. Hata hii ninayochapia jibu lako, boksi lake lilitaja zaidi ya kinachosema kioo, na sijamshtaki mtu wa ukoo wangu.

Sikiliza, maana somo hili unalijua kunishinda. Kiwanda kinahesabu kwa mkebe mdogo: gigabaiti yake moja ni baiti, yaani punje, milioni elfu moja basi. Kompyuta elfu yake ni elfu moja na ishirini na nne, na nyongeza hiyo hurudiwa mara tatu mpaka kufika gigabaiti, kwa hivyo mkebe wake umejaa zaidi. Chukua gunia moja la mahindi, ulipime kwa mkebe wako wa kuuzia, halafu ulipime kwa ule wa kununulia. Hesabu ya pili itapungua, na hakuna punje iliyoibwa. Diski yako ni nzima: 4.3 kwa mkebe wa kiwanda, 4.0 kwa mkebe wa kompyuta.

Kumbe mkebe mdogo unauma ukiwa mkononi mwa mwingine. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Wale akina mama unaowapimia kila siku wanapunjwa kweli, na sijasikia hata mmoja aliyesimama kanisani kukutaja wewe.

Polisi usiende, watakucheka mpaka wakuitie chai. Sabato ijayo simama pale pale uliposimama, umtaje Makori kwa jina, useme alikuletea mzigo mzima nawe ukamchafua. Usiseme "kama nilikosea". Ulikosea. Kisha tafuta mzee mmoja mwende kwa mama yao, ukae utakapoonyeshwa, na akikuchapa kwa maneno unyamaze. Kompyuta mpe Dorah, ni yake, hata asipokutaka tena. Ufunguo usimlazimishe kuupokea, aukubali mwenyewe moyo ukipoa.

Na huo mkebe mdogo uponde leo. Gazeti hili hufika Migori asubuhi, na wateja wako wanajua kusoma.