Tumemzika Tajiri bila jina lake

Jumatano. Mvua imekatika tangu asubuhi lakini matope ya Bugarama bado yako pale pale. Magoti yananiuma. Nimefunga kibanda mapema, nimekaa juu ya ndoo naandika kwa simu.

Leo tumemzika Tajiri.

Ndilo jina tulilokuwa nalo. Hapa machimboni mchimbaji huja na jina la kujipachika, lile la nyumbani analiacha huko huko. Juzi mchana duara, yaani shimo lenyewe la dhahabu, lilimwangukia akiwa peke yake. Waliomtoa walipekua mifuko wakakuta kiberiti na funguo. Kitambulisho hakuna. Simu ilipondeka. Basi mwenyekiti wa kitongoji akatuma mtu kwangu kuulizia daftari.

Niwaeleze wageni wa blogu hii. Nauza chakula hapa mwaka wa sita sasa. Mwaka ule wa kwanza alifariki dada mmoja muosha mawe, tukakosa hata wa kumpigia simu. Tangu hapo, kila anayekula kwangu namwandika: jina alilopewa na wazazi, kijiji chake, na ndugu wa kupigiwa. Hakuna aliyenituma. Wengi hawapendi, wanasema kumuuliza mchimbaji kwao ni wapi ni kumtakia kifo.

Tajiri nilimuuliza mara mbili. Mara ya pili akacheka: "Mama Neema, mbona una haraka ya kunizika? Niongezee mchuzi bwana."

Nikacheka, nikamwongezea. Mara ya tatu sikuuliza. Kuni zilikuwa mbichi, moshi umejaa machoni, watu wamepanga foleni, nami nimechoka. Hiyo ndiyo sababu, sina nyingine nzuri zaidi.

Miezi minane nimempikia. Najua alikuwa hali vitunguu, alivitenga pembeni ya sahani kama mtoto. Sijui kama alikuwa Mkristo au Mwislamu.

Pale kaburini walisimama katekista na shehe, kila mmoja akimwachia mwenzake atangulie, mwisho wakaomba kwa zamu. Kwenye kibao fundi aliandika TAJIRI kwa rangi iliyobaki ya mlango. Hakuna aliyenilaumu. Afadhali wangenilaumu. Mahali fulani kuna mama anasema mwanangu yuko machimboni, akipata nafasi atapiga.

Binti yangu Neema ananisihi kila wiki nirudi Kagongwa nipumzike. Wakati narudi kutoka makaburini nilikuwa nimeshakata shauri, mwisho wa mwezi naondoka. Nimechoka kuwabeba watu wasiotaka kubebwa. Na niseme ukweli, nilikuwa najisifu moyoni kwamba daftari hili ndilo nitakaloacha duniani. Leo nimeona ninachoacha ni masufuria na ukurasa mmoja mtupu ambao ulikuwa wa mtu.

Saa kumi akaja Profesa. Huyu ni mchimbaji wa siku nyingi, na kwenye kulicheka daftari langu hakuna aliyemzidi. Hakuagiza chakula. Alikaa kwenye benchi, akavua kofia.

"Andika, mama. Mimi ni Shija, ng'wa Mabula. Kwetu Ushirombo."

Nikaandika, nikakosea herufi, nikafuta. Nilipoinua macho nikaona wengine saba wamesimama nyuma yake, hawasukumani, watu hawa ambao hata maji ya kunawa huyagombania.

Nilipomaliza kuwaandika, Profesa akaniangalia. "Na wewe je? Ng'wa nani?"

Ndivyo Wasukuma tunavyoulizana tukisalimiana, wewe ni wa kwa nani. Nikafungua kinywa nimjibu, ndipo nikashtuka. Miaka sita hapa mimi ni Mama Neema basi. Nikianguka leo jikoni nikafa, wataandika hivyo hivyo kwenye kibao. Katika daftari lote, simo.

Akachukua kalamu mkononi mwangu. Akaniuliza jina langu, la baba yangu, kijiji, namba ya Neema. Akaandika polepole, herufi kubwa kubwa, ulimi umetoka pembeni. Nililia mbele ya wateja na sikuona haya.

Neema mwanangu, najua unasoma hapa. Nisamehe, mwisho wa mwezi siji. Kuna watu bado hawajaandikwa, na asubuhi watakuja kula.