Gego la Bibi Limerudi Nyumbani

Jumamosi, Nyamwaga. Imenyesha tangu alfajiri, barabara ni tope tupu na hakuna anayetoka. Mimi niko jikoni nacheka peke yangu.

Nimeshinda. Acha niandike tena ili nami niamini: nimeshinda.

Shajara yangu, wewe unajua nasomea udaktari wa meno na mwaka huu niko kwenye utafiti wa leza. Fizi zikiugua, mzizi wa jino huvaa ugaga, ule uchafu mgumu unaoganda kwenye meno, na fizi haishiki vizuri mahali pachafu. Basi tunaupiga mzizi kwa mwale wa leza ili ugaga ubanduke, halafu tunatazama kwa hadubini mzizi umebaki katika hali gani. Tunatumia meno yaliyokwisha kung'olewa, kwa hiyo haumii mtu.

Isipokuwa mimi, mwezi uliopita.

Leza yetu hufanya kazi huku maji yakirushwa juu ya jino muda wote, lisije likaungua. Sasa mimi nimekua nikipandisha ndoo kutoka kisimani, kichwani, asubuhi na jioni. Kwetu uso unanawa kwa kikombe kimoja. Kuona maji safi yakimwagika kwenye beseni bure kuliniuma kweli. Nikayapunguza. Kesho yake nikayapunguza tena, na moyoni nikajiona mwenye akili kuliko wenzangu waliokulia mjini kwenye mabomba.

Mizizi yote niliyoipiga ikatoka na madoa meusi, na kwenye hadubini zikaonekana nyufa kama shamba la mahindi wakati wa kiangazi. Msimamizi wangu hakufoka, na afadhali angefoka. Alisema nimletee mzizi mmoja safi kabla ya Ijumaa ya wiki hii, la sivyo nafasi yangu kwenye utafiti anapewa mwingine. Kwenye akiba yangu lilikuwa limebaki jino moja tu.

La Bibi.

Bibi Ghati ndiye aliyenilea. Gego lake lililegea kwa ugonjwa wa fizi, likang'olewa nilipokuwa nyumbani likizo, akanipa kwa shingo upande. Kwake yeye, kitu cha mwili wako hakilali ugenini. Alinipa sharti moja: jino lirudi, likiwa zima, alizike mwenyewe hapa nyumbani. Ndiyo maana nilikuwa nimelificha nyuma ya mengine. Ningeliunguza na hilo, ningemtazama kwa macho gani?

Nikampigia simu. Nikamwamkia, nikamweleza yote bila kuficha, hata habari ya maji.

"Mjukuu wangu, nilikufundisha kubana maji kwa sababu kisima kiko mbali," akasema. "Huko yako karibu. Yafungulie."

Alhamisi nikayafungulia. Beseni likajaa, viatu vikalowa, na mkono wangu sikuupeleka kwenye kitufe cha kupunguza maji hata mara moja. Sikusikia harufu ya kuungua. Kwenye hadubini mzizi ulikuwa safi, una mkwaruzo mdogomdogo, bila doa wala ufa. Mkwaruzo huo ndio tunaoutafuta, kwa sababu tunatumaini fizi itapata pa kushikilia. Msimamizi alichungulia mara mbili, akaniambia nafasi ni yangu. Nilitoka nje nikalia, na sioni aibu kulisema.

Kitu ambacho sikumwambia Bibi kwenye simu ni kwamba kabla ya kuingizwa kwenye hadubini ile, jino hupakwa utando mwembamba mno wa dhahabu ili lionekane vizuri. Hivyo leo nimemkabidhi gego lake likiwa zima, na lina rangi ya manjano inayong'aa.

Bibi ameishi maisha yake yote katika nchi ambayo watu wanachimba dhahabu kila upande, na hajawahi kushika hata chembe. Amelipeleka mlangoni penye mwanga, akaligeuza, akaligeuza tena. Nimemweleza kwamba ni utando tu, ukiukwaruza umekwisha. Sidhani kama amenisikia.

Na mimi mvua yote hii nilikuwa nimeshamchimbia shimo la kulizikia, pale kwenye migomba.

"Hilo shimo panda mgomba," amesema, huku akilifunga jino kwenye pindo la kanga yake.

Kesho ni Jumapili. Namhurumia mchungaji, maana sioni nani atasikiliza mahubiri kabla hajaonyeshwa hilo gego.